Kabla hamjanunua mfumo wa kufuatilia vitu, ulizaneni ile nukta kwenye ramani itamsaidia nani

Mimi niko upande wa uendeshaji, yani ghala, yadi ya nje na karakana ya matengenezo ndo dunia yangu, na kwa muda mrefu kilichokuwa kinatuumiza haikuwa wizi wala upungufu wa mali, ilikuwa ni kutafuta. Toroli ziko wapi, palati (lile jukwaa la kupangia mzigo) ya mteja fulani nani kaisogeza, ile mashine ya kupimia iko karakana au ilisharudi stoo. Mtu anaacha kazi yake anaanza kuzunguka, anauliza huyu, anampigia yule, na kitu kipo humohumo ndani. Ndo uongozi ukasema tutafute teknolojia ya kuonyesha kila kitu kiko wapi muda huohuo, na mimi nikawekwa kwenye timu ya kuchagua. Naandika haya kwasababu biashara nyingi zinapita njia hii na watu wa kwanza kuulizwa ushauri ni wauzaji, wakati wanaoishi na mfumo baada ya kufungwa ndo wanajua unauma wapi.

Swali ambalo naomba kila mtu aanze nalo: ukishajua kitu kiko pale, nani atafanya nini ambacho leo hafanyi? Usijibu kwa ujumla, jibu kwa kitu kimojakimoja. Sisi tulipokaa na watu wa ghala wakatuambia toroli wanataka wajue tu iko sehemu gani ya jengo, wakifika hapo macho yanamaliza kazi. Palati wanataka wajue imetoka mlangoni au bado, na saa ngapi. Vifaa vya kupimia wanataka wajue viko chumba gani. Foklifti, yani gari la kunyanyulia mzigo, na watu wanaotembea kwa miguu hapo sasa ndo mambo ya nusu mita na chini ya hapo, maana hapo kuna mwili wa mtu. Ukiangalia utaona hayo ni mahitaji manne tofauti kabisa, na muuzaji akija anakuja na teknolojia moja anataka iwe jibu la yote. Usahihi wa sentimita unavutia sana kwenye maonyesho, nukta inatembea na mtu hatua kwa hatua, kila mtu mezani anafurahi, lakini kwa toroli ambayo mtu anahitaji kujua tu iko kona ipi hizo sentimita utazilipia vipokezi (vifaa vya kusikia ishara), kebo na betri na hakuna atakayezitumia.

Kiukweli huwezi kuchagua vizuri kama hujui kila teknolojia inapima nini, na hili wauzaji huwa wanalipita haraka mno. Ngoja nieleze kama nilivyolielewa mimi nikiwa nafanya nayo kazi.

GPS kila mtu anaijua na kila mtu anaielewa nusu. Wengi wanaamini satelaiti inaliona gari. Satelaiti haimuoni mtu yeyote, yenyewe iko kilomita kama 20,000 juu inatuma tu ishara ya saa na mahali ilipo, kifaa chako chini kinasikiliza satelaiti nne au zaidi kinapiga hesabu chenyewe kimesimama wapi. Kwahiyo kifaa kinajijua, wewe hujakijua bado, mpaka kitafute njia nyingine ya kukuletea habari, iwe laini ya simu, iwe redio ya masafa marefu kama LoRa. Hilo ni gharama ya pili na ni sehemu ya pili inayoweza kukatika. Halafu ishara inafika chini ikiwa dhaifu sana, bati la paa linaimaliza. Uwanja wazi simu ya kawaida inakosea kama mita 5 hivi na hiyo kwa lori inatosha kabisa, lakini ndani ya ghala msitegemee. Na hiyo LoRa nayo iwekeni mahali pake, ni nzuri sana kubeba ujumbe mdogo kilomita kadhaa kwa betri kidogo, ila mtu akikuambia mtandao wenyewe bila GPS utakupa mahali, ujue kosa linaweza kuwa makumi ya mita mpaka mamia.

RFID, yani utambuzi kwa mawimbi ya redio, ile isiyo na betri ndo ninayoipenda kuliko watu wanavyoipa heshima. Ile tagi, yani alama inayofungwa kwenye kitu, ni stika tu, haina umeme wake, inaamka kwa nguvu ya mawimbi ya kifaa cha kusomea ikipita karibu, inataja namba yake, inalala tena. Kwa zile za UHF (masafa ya juu ya redio) unapata mita kadhaa, kumi hivi hali ikiwa nzuri. Haifi betri, ni rahisi, unaweza kubandika kila palati. Lakini lazima uelewe inakuambia kitu gani: inakuambia kitu kilipita mlango huu saa fulani. Baada ya hapo haijui. Yani unapata mahali kilipoonekana mara ya mwisho, na kwa kazi nyingi za ghala hiyo inatosha kabisa, mtu akilalamika kwamba hiyo sio muda huohuo mwambie akuonyeshe kwanza uamuzi upi unakwama kwa kukosa hizo dakika katikati ya milango miwili. Adui zake ni chuma na maji. Stika ya kawaida ukiibandika juu ya chuma inakufa kimya, kuna tagi maalum za kubandika kwenye chuma ambazo zimeinuliwa kidogo, na mzigo wa vimiminika unameza mawimbi kiasi kwamba palati iliyojaa chupa, zile tagi za katikati hazisomeki.

Bluetooth ile ya matumizi madogo ya umeme ndo imejaa sokoni sahivi. Tagi inapiga kelele kila baada ya muda, vipokezi vinasikia, halafu wanakadiria umbali kwa kuangalia ishara imefika na nguvu kiasi gani. Neno la kushika hapo ni kukadiria. Ishara ya gigahezi 2.4 inazuiwa vizuri sana na mwili wa binadamu, maana sisi ni maji mengi, kwahiyo mtu akisimama tu kati ya toroli na kipokezi, mfumo unaona toroli imesogea mbali wakati haijatikisika hata kidogo. Kwa kujua chumba au eneo inafaa, mita chache juu au chini. Toka mwaka 2019 ikaja Bluetooth 5.1 yenye kupima pembe ishara inakotokea, hiyo inashusha kosa mpaka chini ya mita mazingira yakiruhusu, ila inataka antena za kutosha na fundi anayejua kuzielekeza, sio ile ya kubandika bikoni (kifaa kidogo cha kutuma ishara) ukutani ukaondoka.

UWB, yani redio ya mkanda mpana sana, yenyewe haiangalii nguvu, inapima muda. Mawimbi ya redio yanasafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwahiyo ukiweza kupima muda kwa usahihi wa nanosekunde umepata umbali kwa usahihi wa sentimita 30, na kwasababu mapigo yake ni mafupi sana inaweza kutofautisha ishara iliyokuja moja kwa moja na ile iliyogonga ukuta ikarudi. Ndo maana inafika sentimita 10 mpaka 30 ikifungwa vizuri. Lakini ikifungwa vizuri ina maana vipokezi vingi vinavyoonana na tagi bila kizuizi, vitatu kwa uchache kama unataka mahali kwenye sakafu, vinne ukitaka na kimo, na kiutendaji unaweka zaidi ya hapo kwasababu shelfu zitaziba baadhi. Halafu kuna jambo la ndani ambalo nashauri mtu aulize moja kwa moja: tagi inaongea na kila kipokezi kwenda na kurudi, au inatuma pigo moja tu vipokezi vyote vinalinganisha saa? Ile ya kwanza haihitaji saa za vipokezi kuwa sawa lakini inakula betri na ikiwa na tagi nyingi hewani wanaanza kusubiriana. Ile ya pili tagi inapumzika, unaweza kuwa na tagi nyingi, ila saa za vipokezi lazima ziende pamoja kabisa, zikiachana nanosekunde chache tu nukta zote zinahama. Muuzaji ambaye hawezi kukujibu hilo kwa maneno yanayoeleweka hajafunga mifumo mingi.

Waifai nayo ilikuja mezani kwa hoja kwamba tayari tunayo. Hoja inavutia, lakini vifaa vya waifai vinafungwa kwa ajili ya kugawa intaneti, unakuta vimepangwa kwenye mstari katikati ya korido, na kwa kutafuta mahali unataka kinyume chake, vizunguke eneo, viwe kwenye kona na kingo. Vikiwa kwenye mstari mmoja mfumo unajua umbali lakini haujui ni upande wa kulia au wa kushoto. Kwahiyo ile tunayo tayari inageuka kuwa tununue vingine na tuvute kebo upya. Kwa ofisi zenye vyumba vingi labda, kwa ghala letu tuliiacha.

Sasa niende kwenye majaribio, maana hapa ndo naona pesa nyingi zinapotelea. Muuzaji mmoja alikuja akafungia vifaa vyake chumba cha mikutano, meza ya mbao, kuta nyepesi, watu wamekaa kimya, nukta zikakaa vizuri mno. Tukamuomba atusogeze kwenye korido ya shelfu za chuma zenye mzigo mpaka juu. Nukta zikaanza kuruka shelfu mpaka shelfu, toroli iliyosimama ikawa inaonekana inatembea ndani ya ukuta. Vifaa havikuwa vibovu, ni jengo. Chuma kinarudisha mawimbi, kipokezi kinasikia ishara ileile mara kadhaa kutoka pande tofauti na hakijui ipi ni ya kweli. Toka hapo msimamo wetu ukawa mmoja, jaribio linafanyika kwenye kona mbaya kuliko zote, saa za kazi, ghala likiwa limejaa. Ghala tupu la asubuhi sio ghala lile utakalokuwa nalo mwisho wa mwezi mzigo ukija.

Na namna ya kupima iwe yenu, msimwachie yeye. Sisi tulichukua tepu tukaweka alama sakafuni, tukapima kila alama iko wapi kwa kipimo cha leza, tukaweka tagi juu ya hizo alama tukaziacha zikae muda mrefu shughuli zikiendelea, halafu tukalinganisha mfumo ulisema nini na ukweli ni nini. Hapo muuzaji atakuletea wastani. Wastani unaficha sana, kwasababu unaweza kuwa na usomaji mwingi mzuri na michache ya ajabu inayomtuma mtu upande wa pili wa jengo, na hiyo michache ndo inayoua imani ya wafanyakazi. Ombeni namba inayosema asilimia 95 ya usomaji iko ndani ya umbali gani. Na hiyo ndo iandikwe kwenye mkataba, na eneo litajwe, na hali ya ghala itajwe.

Betri. Naomba niseme hili taratibu maana kwa maoni yangu ndo gharama kubwa kuliko vifaa vyenyewe na karibu kila mtu anaichukulia juujuu. Karatasi ya muuzaji inasema betri inakaa miaka mitano. Swali ni ikiwa inatuma mara ngapi. Tagi inayotuma kila sekunde na tagi inayotuma kila dakika ni vitu viwili tofauti, hata kama ni kifaa kilekile, na ule muda mrefu kwenye karatasi mara nyingi ni wa ile inayotuma kwa nadra. Tagi nzuri inakuwaga na kihisi cha mtikisiko, kitu kikiwa kimetulia inalala, kikisogea inaamka na kuanza kutuma kwa kasi, hiyo peke yake inabadilisha hesabu yote. Baridi nayo inapunguza nguvu za betri, mwenye vyumba vya baridi asikubali namba zilizopimwa kwenye joto la ofisini. Na fikiria hili, tagi zote umezifunga kipindi kimoja, kwahiyo zitaanza kufa kipindi kimoja pia. Nani atabadilisha? Kwa kufungua kifuniko au tagi nzima inatupwa? Mfumo utakuambia betri inakaribia kuisha au utajua siku kitu kimepotea? Haya ni maswali ya siku ya kwanza kabla hata ya kuongelea usahihi.

Kubandika nako ni kazi ya kuheshimu. Gundi inaachia kwenye vumbi na mafuta, tagi inagongwa na foklifti, toroli zinaoshwa kwa maji ya presha. Lakini kinachosumbua zaidi ni ile orodha ya tagi ipi iko kwenye kitu gani. Mtu wa karakana anatoa tagi kwenye mashine iliyoharibika anaiweka kwenye nzima ili isikae bure, nia yake njema kabisa, hajabadilisha kwenye mfumo. Kuanzia hapo ramani inaonyesha kwa usahihi mkubwa mahali ilipo mashine ambayo haipo hapo. Hakuna teknolojia ya redio inayotibu hilo, linatibiwa na utaratibu rahisi ambao mtu anaweza kuumaliza akiwa amesimama, anaskani tagi, anaskani kitu, basi. Kukiwa na hatua nyingi kompyuta ya mbali hawatafanya, na sio uvivu, wana kazi.

Hapohapo niongeze kuhusu ramani. Kila muuzaji anauza ramani kubwa ya rangi kwenye skrini ukutani. Kwetu watu hawakai kuangalia ramani, wanataka kuandika namba ya kitu kwenye kifaa cha mkononi wapate jibu, au wapate mlio kitu kikivuka kwenda eneo lisilotakiwa. Kwahiyo angalieni mapema kama data inatoka kwenye mfumo wao kuja kwenye mfumo wenu wa ghala bila kuomba ruhusa kila mara. Kuna viwango vya kimataifa vya eneo hili, familia ya ISO/IEC 24730, inafaa kuuliza kama wanavifuata na kwa sehemu gani. Na intaneti ikikatika je? Kama hesabu zote zinafanyika kwenye seva ya mbali, ghala lenu linakuwa kipofu mpaka intaneti irudi. Sisi tulitaka angalau kutafuta kitu kuendelee kufanya kazi humo ndani hata nje kukikatika.

Upande wa usalama wa foklifti nina msimamo mkali kidogo. Foklifti inayokwenda kilomita 10 kwa saa inatembea karibu mita 2.8 kila sekunde. Mfumo ukichelewa sekunde tatu, foklifti imeshasogea zaidi ya mita nane, na onyo linamkuta mtu kashapitwa au kashagongwa. Kwahiyo onyo la kukaribiana lisizunguke kwenda seva na kurudi, liwe kati ya kifaa cha foklifti na kifaa cha mtu moja kwa moja, na ramani ibaki kwa ajili ya kuangalia baadaye ni sehemu gani watu na foklifti wanakutana sana ili mbadilishe njia. Na hata hapo taa, vioo vya kona na mistari ya sakafuni haviondolewi. Mtu akikuambia mfumo wake unachukua nafasi ya hivyo, msikilize kwa makini sana halafu mkatae.

Hiyo inanileta kwa watu wenyewe. Ukimpa mtu tagi umemuambia kwamba mnaweza kujua yuko wapi, amekaa chooni muda gani, amesimama na nani. Hata kama nia yenu ni usalama tu, yeye hajui mpaka mumwambie, na inatakiwa mumwambie kabla ya vifaa kufika. Kwetu tulikaa na kila zamu, tukaeleza tagi za watu zinafanya kazi eneo la foklifti tu, jina halionekani kwenye ramani ya kila siku, nani ana ruhusa ya kufungua historia na kwa sababu gani, na data inafutwa baada ya muda gani. Maswali yalikuwa makali na yalikuwa ya haki. Mengine yalibadilisha mpangilio kabisa, mfano vyumba vya kupumzikia hatukuweka kipokezi chochote kwasababu wao ndo walisema, na walikuwa sahihi. Sehemu nyingi sasa sheria za taarifa binafsi zinagusa hili moja kwa moja, lakini hata pasipo sheria mfanyakazi asiyeamini mfumo ataiacha kabatini tagi yake na hapo usalama uliotaka kumlinda nao haupo.

Tulichoishia nacho ni mchanganyiko. RFID kwenye milango kwa palati, Bluetooth ya kiwango cha eneo kwa toroli na vifaa vya kupimia, UWB sehemu ile tu ambapo foklifti na waenda kwa miguu wanakutana, GPS kwa magari na matrela ya yadi. Mchanganyiko una usumbufu wake, trela likiingia chini ya paa kuna muda GPS imepotea na mlango haujasoma bado, na ni lazima programu moja ijue kuunganisha hizo habari isije ikaonyesha trela moja mara mbili. Tulianza na toroli peke yake, zikakaa sawa, watu wakazoea kuuliza kifaa badala ya kuzunguka, ndo tukaenda kingine. Nashauri hivyo kwa yeyote, chagua kitu kimoja kinachotafutwa sana kila siku.

La mwisho kulijua ni kwamba jengo halikai vile lilivyokuwa siku ya kufunga. Shelfu zinahamishwa, mashine mpya inakuja, ukuta wa mabati unaongezwa, na kila badiliko linabadilisha njia za mawimbi, eneo lililokuwa linasomeka vizuri linakuwa giza bila mtu kujua. Muulizeni muuzaji mapema kama fundi wenu anaweza kupima na kusahihisha mwenyewe au lazima wamuite yeye na kumlipa kila mara. Sisi tulitaka tufundishwe, ikaingia kwenye mkataba, na sasa hivi kwenye fomu ya kuhamisha shelfu kuna sehemu ya fundi wa mfumo kusaini kwamba amepima upya zile alama za sakafuni, bila hiyo eneo halirudishwi kwenye kazi.